Mama Mashuka arudi kwenye somo alilolikimbia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya mpira anasimama mbele ya magunia ya nguo chafu na kulipiga teke gunia la kwanza. Si teke la hasira. Analigusa kwa ncha ya buti, kisha anainamisha kichwa na kusikiliza.

"Likilia, kuna chuma ndani," anaeleza bila kugeuka. "Mkasi, sindano, kijiko. Wodini wana haraka, wanakunja kila kitu pamoja. Ukiingiza mkono kabla hujapiga teke, mgonjwa wa siku hiyo ni wewe."

Gunia la tatu linalia. Anavaa glavu juu ya glavu, analifungua polepole na kutoa mkasi mdogo uliopinda, anauweka kwenye beseni lililopo dirishani. Halafu anaanza kutenga: mashuka ya damu huku, ya mkojo kule, ya chumba cha upasuaji peke yake. Ya damu anayatia kwenye maji ya baridi. Maji ya moto, anasema, yanaipika damu, na damu ikishapikwa kwenye shuka, wewe na doa lake mtazeeka pamoja.

Hiki ni chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa ya jengo, chenye mashine tatu kubwa. Mbili zinafanya kazi. Ya tatu, kwa maneno ya wafanyakazi, iko likizo tangu mwaka juzi na haijulikani lini itaripoti kazini. Mwanamke huyu ameingia hapa kila asubuhi kwa miaka kumi na saba. Wauguzi, madaktari na walinzi wanamwita Mama Mashuka, na ukimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake utaambiwa mtu huyo hayupo.

Mwaka jana, akiwa na miaka arobaini na nne, Mama Mashuka alipata cheti cha elimu ya watu wazima, kile kinachohesabiwa kuwa sawa na cha kidato cha nne. Alifanya masomo saba na kufaulu yote. Habari hizo zilifika ghorofa ya juu kabla ya mashuka safi ya siku hiyo.

Makala haya yalikusudiwa kuwa ya pongezi. Mama aliyeacha shule kidato cha pili ili amuuguze mama yake mzazi na kulea wadogo zake, akarudi darasani akiwa na watoto wakubwa, akashinda: mwandishi gani hapendi habari kama hiyo? Lakini alipopongezwa, Mama Mashuka aliendelea kukunja.

"Asante," alisema. "Ila nilifaulu vibaya."

Ilichukua siku kadhaa za kukaa naye kuelewa alichokuwa akisema.

Anachotaka ni kuwa muuguzi. Hajawahi kutaka kingine. Alipoajiriwa kufua, alijiambia ni mlango wa uani, ataingia ndani taratibu. Miaka ikapita, akabaki uani. Kazi yake inaishia kwenye dirisha dogo ambapo wauguzi hupokea mashuka, wanahesabu, wanaondoka.

"Shuka nalijua mgonjwa akishaondoka," anasema. "Najua alitapika, najua alitokwa na jasho usiku kucha, wengine najua kabisa kwamba hawakuamka. Yeye mwenyewe simjui. Nataka siku moja nimjue akiwa bado amelilalia."

Kwa hiyo, kituo cha elimu ya watu wazima kilipofungua madarasa ya jioni katika shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani kwake, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Wa pili alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe anayeishi nao nyumba moja, muuzaji katika duka la vyombo vya plastiki, ambaye naye aliishia kidato cha pili. Mama Mashuka ndiye aliyemvuta. Alimbembeleza wiki nzima, akamwambia wakizeeka watazeeka na vyeti.

Walikuwa wakienda pamoja na kurudi pamoja. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao wa juu, wakicheka kimyakimya mwalimu akigeuka. Wifi alitaka kusomea ufamasia, walau ngazi ya chini, asimame nyuma ya kaunta ya dawa badala ya kaunta ya ndoo. Kila mmoja alihitaji kemia.

Na kemia ndiyo iliyokuwa na miiba.

Somo hilo lilikuwa na wanafunzi tisa. Hapakuwa na maabara. Mwalimu, kijana aliyefundisha shule binafsi mchana, alichora vyombo ubaoni na kuwataka wavifikirie. Ulipokuja mtihani wa majaribio, Mama Mashuka alipata kumi na moja.

"Kwa mia," anaongeza, asije mtu akadhani vinginevyo.

Wifi yake alipata sitini na nane. Alikuwa wa kwanza darasani.

Mtu anayefanya mtihani akiwa mtu mzima ana hofu ambayo mtoto wa shule hana. Mtoto akifeli, ataambiwa arudie. Mtu mzima akifeli, anaogopa kwamba watu watamwambia walijua. Miongoni mwa wanafunzi wa jioni kulikuwa na ushauri uliopokezanwa kama dawa ya kikohozi: chagua masomo mepesi, pata cheti kwanza, mengine utajua mbele. Hakuna aliyejua nani aliyeutoa. Kila mtu aliuamini.

Mama Mashuka hakuuamini tu, aliueneza. Wakati wa kusajili masomo ulipokaribia, aliwapitia wenzake mmoja mmoja wakati wa mapumziko. Biashara, aliwaambia, ni somo la kukariri, kemia ni ya kuvunja wastani. Ana ulimi mtamu, na siku hizo hakuubania.

Mwalimu wa kemia alimwita pembeni. Alimwambia kwamba yeye kila siku anashinda na kemia mikononi, akimpigia mfano wa damu na maji ya baridi, na dawa za kung'arisha mashuka. "Nikamjibu, mwalimu, kule nina kikombe cha plastiki cha kupimia. Hapa umenipa milinganyo," anakumbuka. "Akacheka, akaniambia mama, usikimbie, utanikumbuka. Mimi nikaona ananitafutia sababu ya kuendelea kulipwa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa mkuu huyo alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mitano.

Wanafunzi saba wakahamia Biashara, yeye akiwa wa kwanza kwenye foleni. Kemia ikabaki na wawili. Utaratibu wa kituo uko wazi na umebandikwa mlangoni: somo lisilo na wanafunzi sita halifundishwi. Wiki iliyofuata mwalimu hakuja. Mmoja wa wale wawili alihama kituo. Mwingine alikuwa wifi.

"Sikujua," anasema Mama Mashuka. Kisha anajirekebisha. "Hapana. Niliusoma ule utaratibu, tangazo lilikuwa mlangoni, tunapita hapo kila jioni. Nilijua. Ila sikuwa nikimfikiria yeye. Nilikuwa nafikiria kumi na moja yangu."

Wifi aliendelea kuhudhuria kwa muda mfupi. Kisha akasema dukani kuna hesabu ya bidhaa. Kisha akasema kichwa kinamuuma. Baadaye hakusema kitu, na jioni ilipofika Mama Mashuka alikuwa akichukua madaftari yake na kutoka peke yake. Wifi hakufanya mtihani wa somo lolote.

Matokeo yalipotoka, mumewe Mama Mashuka, fundi wa kuchomelea vyuma, alileta soda na watoto wakapiga makofi. Wifi ndiye aliyezimimina.

"Alinipa mkono, akaniambia hongera, wifi," anasema. "Kwa moyo mmoja, nilimwona. Kisha akaenda kuosha glasi. Glasi zilikuwa tano, lakini alikaa huko nje mpaka soda zikaisha."

Mwanzoni mwa mwaka huu aliomba ruhusa ya nusu siku, akapiga pasi blauzi yake nyeupe, mara mbili, na kwenda chuo cha uuguzi na cheti kikiwa ndani ya bahasha ngumu. Anasimulia ziara hiyo kwa utaratibu, kama mtu anayekumbuka ajali.

Karani wa udahili alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakisoma chote, akatabasamu. Akamwambia umri si tatizo, wamewahi kupokea wakubwa kuliko yeye. Kisha akaanza kushuka na kalamu. Baiolojia ipo. Hesabu ipo. Kiingereza kipo. Kalamu ikafika chini, ikapanda tena juu.

"Kemia iko wapi, mama?"

"Sikuifanya."

"Hukuifanya au hukufaulu?"

"Sikuifanya."

Karani akavua miwani. Alimweleza kwamba angekuwa na alama ya chini kabisa ya ufaulu katika kemia, hata hiyo ingetosha. Bila somo lenyewe, hana pa kumwandika.

"Angenifokea ningepata wa kumlaumu," anasema Mama Mashuka. "Alikuwa mpole. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Hapo ndipo nililia, nikiwa nimeshashika kitasa."

Kuna kitu kinachouma zaidi ya kukosa sifa, na hakukisema siku ya kwanza wala ya pili. Karani alipokuwa akizungumza, Mama Mashuka alikuwa akipiga hesabu nyingine kichwani. Alama zake kumi na moja zingeweza kupanda. Zile sitini na nane za wifi zilikuwa tayari ziko juu. Yeye alipoteza nafasi ya kujaribu, lakini mwenzake alipoteza kitu alichokuwa nacho mkononi.

Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Katika nyumba hii, msemo huo unakaa mezani.

Si kwamba alikosa pengine pa kwenda. Cheti chake kinafungua milango kadhaa, na ni vizuri msomaji mwenye cheti kama hicho ajue. Chuo kimoja kilimpa nafasi ya kusomea utunzaji wa kumbukumbu kwa mwaka mmoja. Kingine kilimtaka kwenye ustawi wa jamii. Hospitali yenyewe ilimpa cheo cha msimamizi msaidizi wa chumba cha kufulia, na sasa ana ufunguo wa stoo na kiti chake, ambacho hakikalii. Mshahara umepanda kidogo, kiasi cha kumaliza mwezi bila kukopa dukani.

Mumewe anaona hapo pangetosha. "Cheti amepata. Mimi namwambia, mke wangu, hebu kikalie kwanza hata mwaka mmoja," anasema, akicheka. Kisha anaacha kucheka. "Mmoja ni mke wangu, mwingine ni dada yangu. Nikila chakula naangalia sahani yangu tu."

Yeye mwenyewe alikataa kumbukumbu na ustawi wa jamii. Alikwenda kituoni kuuliza kama anaweza kurudia kemia peke yake. Jibu lilikuwa lile lile lililobandikwa mlangoni. Watu sita, la sivyo hakuna darasa. Akaenda kumtafuta mwalimu wa zamani, akamkuta bado yuko shule ileile binafsi, ameota ndevu. Mwalimu hakumkumbusha lolote. Alimwambia tu, "Mama, niletee idadi, nitakuja."

Basi mwanamke aliyewatoa watu kwenye kemia akaanza kuwarudisha. Alianza na mlinzi wa lango la hospitali, ambaye mwaka juzi alihama kwa ushawishi wake na sasa amekwama kama yeye, kwani alitaka kusomea maabara.

"Nilimwambia, Mama Mashuka, mara ya kwanza ulinitoa, mara ya pili unanirudisha. Mara ya tatu itabidi unilipe nauli," anasema mlinzi huyo. Alikubali. Akakubali na msaidizi wa jikoni, ambaye hajui bado anataka kusomea nini lakini anapenda kuwa mahali penye watu. Wakapatikana wasichana wawili wanaouza vifaa vya umeme karibu na kituo. Ukimjumlisha yeye, wakawa watano.

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Jumatano jioni bado walikuwa watano.

Siku hiyo mwandishi wa makala haya alikuwa kwao. Ni nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo wa saruji, kamba ya nguo ikikatiza katikati. Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akichambua mboga. Ni mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na minane, mwenye sauti ya chini inayomlazimu mtu kusogea. Mama Mashuka alisimama mbele yake bila kuketi. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yakampotea kichwani.

"Wifi, tumebaki watano," alisema.

"Nimesikia."

"Sina uso wa kukuomba."

"Na bado umekuja."

"Nimekuja kwanza kukwambia nilikukosea. Sijawahi kukwambia kwa mdomo. Nilijua darasa litafungwa, nikaondoka."

Wifi aliendelea kuchambua. Jani bovu upande huu, jani zuri upande ule. Mumewe Mama Mashuka, aliyekuwa mlangoni, alikumbuka ghafla kuwa ana kazi sokoni.

"Mimi nilijua unajua," wifi alisema hatimaye. "Tangu siku ile. Nilikuwa nasubiri tu useme, ukawa husemi, na mimi nikachoka kusubiri. Keti basi, unanizibia mwanga."

Mama Mashuka akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nitakwenda Ijumaa kusaini," wifi akasema. "Mtimie sita. Lakini kukaa darasani sitakaa, wifi. Usinisubiri njiani, usininunulie daftari. Ile kemia imeshaondoka kichwani, na sina nguvu ya kuifuata."

Baadaye, Mama Mashuka alipoingia ndani, wifi alizungumza na mwandishi kwa dakika chache. Aliomba isiandikwe kwamba wamegombana. "Tunapika sufuria moja. Akiumwa nafua nguo zake, naye anafua zangu. Sina kinyongo. Kuna jambo moja tu tunaliruka kila siku, kama mtu anavyoruka dimbwi mlangoni kwake."

Kwa nini basi anakwenda kusaini, kama hataki kusoma?

"Kwa sababu mimi najua kukosa watu kunavyokuwa," alijibu. "Unakaa darasani, unageuka nyuma, hakuna mtu. Simtakii hilo hata yeye."

Ijumaa alifunga duka kwa nusu saa, akaenda kituoni, akasaini, akarudi kuuza ndoo. Jumanne iliyofuata kemia ikafunguliwa. Mwalimu aliita majina sita, yakaitikiwa matano. Mama Mashuka aliketi dawati la mbele, magoti yakigonga ubao. Mwalimu alipouliza swali la kwanza, alikosea, akainua mkono tena kwa la pili.

Mpango wake anaueleza bila kupamba. Mtihani ni mwishoni mwa mwaka huu. Akipata hata alama ya chini kabisa, atarudi kwa yule karani. Masomo ya uuguzi ni miaka mitatu. Ataanza akiwa na arobaini na sita, atamaliza akiwa na arobaini na tisa. Kustaafu ni sitini. Atakuwa amebakiwa na miaka kumi na moja ya kuuguza.

"Ningekaza roho mwaka ule, ingekuwa zaidi," anasema. "Majuto ni mjukuu, yanakuja ukishazeeka. Lakini kumi na moja si haba."

Tuko tena chini ya jengo, mashine mbili zinazunguka, na inabidi apaze sauti. Anakunja shuka la chumba cha upasuaji kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, akiacha pembe moja nje ili muuguzi alifungue bila kugusa ndani. Anaulizwa kama anadhani wifi yake atabadilisha mawazo.

Anatikisa kichwa. Amejaribu, anasema. Jioni ya Jumanne alimweleza walichosoma, na wifi akamsikiliza mpaka mwisho, tena akamsahihisha mahali pamoja. Kisha akasema usiku mwema na kwenda kulala. Kujaribu zaidi ya hapo kungekuwa ni kujitafutia nafuu yeye mwenyewe, na yeye hataki tena kujitafutia nafuu kwa mgongo wa mwenzake.

"Siku nitakayovaa ile sare, wa kwanza kumwonyesha ni yeye," anasema. "Nitasimama pale uani, nigeuke anione mbele na nyuma. Na namjua wifi yangu, atafurahi. Atafurahi kweli. Hilo ndilo linaloniumiza."